Jinsi ya kumtafuta ndugu mliyepotezana vitani

Maswali ni yale yale, vita baada ya vita. Nianzie wapi? Wanatoza kiasi gani? Nikimtaja jina, si ndiyo nitakuwa nimemchongea? Mbona miezi inapita na hawanipigii? Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kukanyaga ofisi ya kutafuta jamaa, na anamtafuta mtu aliyepotea kwa sababu ya mapigano: aliyekimbia akashika njia nyingine, aliyekamatwa, mtoto aliyeachana na wazazi kwenye msukumano, mpiganaji aliyenyamaza, au mtu ambaye hujui hata kama yu hai.

Sheria nitaigusa kidogo tu. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949 unasema katika ibara ya 25 kwamba raia aliye katika nchi yenye vita aruhusiwe kupelekea jamaa zake habari za kifamilia na kupokea zao. Ibara ya 26 inazitaka pande zinazopigana zirahisishe kazi ya kutafutana kwa familia zilizotawanyika. Itifaki ya Kwanza ya Ziada ya mwaka 1977, ibara ya 32, inaitaja wazi haki ya familia kujua yaliyowapata watu wao. Kwa hiyo unapoingia pale ofisini hukwenda kuomba hisani. Nadharia imeishia hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Usitegemee simu peke yake. Simu hupotea, huzimika, na hupekuliwa vizuizini.
- Kitambulisho chako, chochote kile. Kama huna, nenda hivyo hivyo.
- Picha ya unayemtafuta. Ya karibuni ni bora, lakini hata ya zamani inafaa.
- Nakala za karatasi zake: cheti cha kuzaliwa, cha shule, cha ubatizo au cha ndoa, kadi ya kliniki.
- Namba ya simu itakayodumu, na ya mtu wa pili wa kupigiwa ukikosekana.
- Msemaji mmoja wa familia.

Hilo la mwisho watu hulipuuza, kisha linawagharimu. Ndugu watatu walio katika nchi tatu hufungua majalada matatu, kila mmoja na tarehe yake ya kuzaliwa na tahajia yake ya jina, na mtafutaji anabaki anajiuliza kama anatafuta mtu mmoja au watatu. Kaeni, hata kwa simu, mkubaliane nani atasema kwa niaba ya wote. Wengine kazi yao ni kumpa yeye habari.

Hatua

1. Andika kila unachokijua, na uandike leo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu za mtu aliyekimbia huku na huku bila kulala huchujuka upesi. Anza na majina yote: la kwenye kitambulisho, la shule, la dini, la utani, na lile ambalo bibi alimwita. Andika jina la baba, jina la mama na ukoo aliozaliwa mama, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kama jina lake huandikwa pia kwa herufi za Kiarabu au nyingine zozote, liandike na hivyo.

   Jina peke yake halitoshi. Wakala uliofunguliwa Geneva mwaka 1914 kushughulikia wafungwa wa vita ulijaza kadi zipatazo milioni 7 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vinakwisha, na askari waliofanana majina walikuwa tele humo. Katika rundo la namna hiyo, kinachomtenga huyu na yule ni jina la baba, mahali alikozaliwa, namba ya kikosi.

   Halafu mara ya mwisho: tarehe, mahali, alikuwa na nani, alikuwa anaelekea wapi, amevaa nini, amebeba nini. Kisha mwili wake: kovu, chale, pengo la jino, mfupa uliowahi kuvunjika, operesheni, miwani. Mambo haya yanauma kuyaandika, najua, ila ndiyo yanayobaki na maana hata miaka ikipita.

   Onyo: usikisie. Kama hujui tarehe, andika "kati ya siku hii na ile". Tarehe ya kubuni iliyoandikwa kwa uhakika humpeleka mtafutaji kwenye daftari lisilo lake, na hatajua kwamba amepotea.

2. Maliza kwanza njia za karibu. Kimya kingi cha vitani ni mnara wa simu ulioanguka au umeme uliokatika. Watafute majirani waliokimbia siku ile ile, dereva aliyewapakia, mwalimu, kiongozi wa dini, wenzake wa kazini. Kama uko kambini, uliza kwenye meza ya kuandikisha na kwenye zahanati. Kila jibu liandike, pamoja na nani kakupa na lini. "Alionekana" ni habari tofauti na "nilimwona". Tenganisha hizo mbili.

3. Chagua mlango mmoja mkuu. Kwa watu wengi mlango huo ni chama cha taifa cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu katika nchi uliyopo wewe. Huna haja ya kurudi kwenye vita, wala kupanda ndege. Vyama hivi viko karibu kila nchi, vina watu wa kazi hii, na vimeunganishwa na Wakala Mkuu wa Utafutaji ulio chini ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Geneva. Ombi lako linatoka kwenye dawati la mtaani kwako, linafika kwa wafanyakazi walioko upande ule, na ikiwezekana mtu anakwenda kwa miguu hadi anwani ya mwisho kugonga mlango.

   Kama wewe ni mkimbizi uliyesajiliwa, ieleze pia ofisi ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Kama anayetafutwa ni mtoto, UNICEF na mashirika ya watoto yana mtandao wake. Kufungua jalada la pili si kosa, kosa ni kuficha kwamba lipo la kwanza. Waambie wote, na wape habari zile zile neno kwa neno.

   Huduma hii ni bure, kuanzia fomu hadi bahasha. Anayedai pesa "ya kuharakisha faili" ni tapeli, hata akiwa amevaa fulana yenye nembo.

4. Mahojiano. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiende kwa haraka. Utaulizwa mambo uliyoandika kwenye daftari, kisha utaulizwa jambo ambalo wengi hulijibu bila kufikiri: habari hizi tumpe nani? Jeshi la serikali? Kundi linaloshika eneo lile? Au zibaki ndani ya shirika tu?

   Jibu linategemea unamwogopa nani. Kama ndugu yako alikimbia ili asiandikishwe jeshini kwa nguvu, au ni mwandishi wa habari, au ni wa kabila au dini inayowindwa, kuwapa wenye bunduki jina lake na mahali alipoonekana mwisho ni kumwanika. Una haki ya kusema, "Msiulize serikalini." Utafutaji utakwenda polepole zaidi, lakini uamuzi ni wako na watauheshimu. Ukibadili mawazo baadaye, rudi useme.

   Sema kweli kuhusu silaha. Familia nyingi huficha kwamba kijana alikuwa mpiganaji kwa kuogopa kunyimwa msaada. Hakuna atakayekunyima. Aliyechukua silaha naye analindwa na sheria akiisha kukamatwa, kujeruhiwa au kuugua, na mtafutaji akijua hilo ataanzia kwenye orodha za wafungwa badala ya orodha za kambi za wakimbizi.

   Kuna na mambo ya kutosema: askari wako wapi, daraja gani limevunjwa, msafara unapita lini. Ofisi hii inafika pande zote mbili kwa sababu haibebi habari za kivita za upande wowote. Ukiipa habari hizo unaiharibia njia, na aliyeko ng'ambo ya mstari wa mbele ndiye atakayeumia.

   Usiondoke bila namba ya jalada, jina la ofisi na namba ya kupiga. Piga picha ukurasa, umtumie yule mtu wa pili.

5. Ukiamini kwamba amekamatwa, liseme hilo kwanza. Katika vita kati ya nchi na nchi, mfungwa wa vita anapaswa kuwezeshwa kujaza kadi ya kukamatwa si zaidi ya wiki 1 tangu afike kambini. Kadi moja huenda kwa familia, nyingine kwa wakala wa Geneva. Raia waliozuiliwa nao wana kadi kama hiyo. Kwa hiyo, kama ni vita vya aina hiyo, uliza moja kwa moja: "Kuna kadi yake?"

   Katika vita vya ndani, kati ya serikali na waasi au makundi kwa makundi, hakuna hadhi ya mfungwa wa vita. Kinachobaki ni Ibara ya 3 iliyo katika Mikataba yote minne ya Geneva, inayokataza mauaji, mateso na kuchukua mateka, na kuruhusu Kamati ya Kimataifa kujitolea kutoa huduma zake. Kujitolea tu. Anayeshikilia gereza anaweza kukataa wasiingie, na baadhi hukataa. Wanapoingia, huomba kuonana na kila mfungwa bila mlinzi kusikiliza, na huandika majina. Onyo: usiende mwenyewe kwenye lango la kambi ya jeshi na picha mkononi kabla ya kuuliza usalama wako.

6. Anwani ikijulikana lakini posta na simu hakuna, andika Ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Ni karatasi moja, haina bahasha ya kufungwa, na itasomwa njiani na watu usiowajua. Humo ni habari za kifamilia tu. Mkataba wa Nne unaruhusu pande zinazopigana, zikiona lazima, kuweka kikomo cha maneno 25 na fomu 1 kwa mwezi. Siku hizi nafasi huwa kubwa zaidi ya hapo, lakini 25 ni zoezi zuri. Mfano:

   *Mama, sisi wote wazima. Tuko pamoja na shangazi. Watoto wanasoma. Mdogo kaanza kutembea. Mguu wangu umepona. Tujulishe wewe na babu mko wapi. Tunawaombea kila siku.*

   Hayo ni 25 kamili. Ona kisichokuwamo: jina la mji, nani kashambulia, maoni juu ya vita, pesa. Ukiandika "askari wamejaa hapa", karatasi itazuiliwa na mama hatajua kwamba mguu umepona.

7. Litunze jalada lako. Sababu moja ya kushangaza ya watu kukosa majibu ni kwamba majibu yalifika na wao hawakupatikana. Ukibadili namba, ukihama kambi, ukivuka mpaka, toa taarifa. Ukipata tetesi mpya, ipeleke ikiwa bado mbichi. Piga simu kila baada ya miezi kadhaa, taja namba ya jalada, uliza kama kuna walichokosa. Kupiga kila siku hakuharakishi kitu.

   Muda? Hakuna mtu mkweli atakayekupa. Wengine hupatikana ndani ya siku chache kwenye kambi ya pili, wengine baada ya miaka. Mapigano yanapofunga barabara, mfanyakazi naye amefungiwa upande wa huku.

8. Pokea jibu, na ujue yako ya aina nne. La kwanza, amepatikana na anataka mwasiliane. Usimwulize yote siku ya kwanza.

   La pili ni gumu kulieleza: amepatikana ila hataki anwani yake itolewe. Mtu mzima huulizwa kwanza, kwani wapo wanaoikimbia vita na wapo walioikimbia nyumba. Utakachoambiwa ni kile tu alichoruhusu, pengine kwamba yu hai basi. Usimgombeze aliyekuletea habari.

   La tatu, hajapatikana, na hilo halina maana ya kufa. Omba jalada libaki wazi.

   La nne ni kifo. Uliza ushahidi ni upi: mwili, hati ya hospitali, shahidi aliyeona, au jina kwenye orodha. Uliza kaburi liko wapi, kwa kuwa sheria inataka makaburi yawekewe alama na yaheshimiwe. Kama kuna mabaki yasiyojulikana, mnaweza kuombwa sampuli za vinasaba: mate au tone la damu. Wanaofaa zaidi ni wazazi, watoto, na ndugu wa baba na mama mmoja. Mume au mke hafai kwa vinasaba, isipokuwa kupitia watoto waliozaa na huyo aliyepotea. Kazi hii inawezekana hata baada ya muda mrefu. Takriban watu 40,000 walipotea katika vita vya Yugoslavia ya zamani miaka ya 1990, na zaidi ya asilimia 70 yao wamekwisha kujulikana yaliyowapata, wengi kwa damu iliyotolewa na jamaa.

Picha mitandaoni: fikiri kwanza

Najua kishawishi. Kidole kimoja tu, na picha yake inaonwa na maelfu. Lakini miongoni mwa maelfu hayo wamo wanaomtaka kwa ubaya na wamo matapeli, na wote sasa wana jina lake, sura yake na namba yako. Redio imewahi kusaidia sana: mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango ili waliotawanyika wasikie habari za wenzao. Ila pale palikuwa na watangazaji waliochuja kinachosemwa. Msalaba Mwekundu nao una ukurasa wa picha uitwao Trace the Face, ambamo huwekwa picha ya anayetafuta, bila jina, na kuandikwa tu kama anamtafuta kaka, mama au mtoto. Mpangilio huo una akili. Kama ni lazima uweke kitu hadharani, fuata mtindo huo.

Hata walio makini hudukuliwa. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa iligundua kwamba data za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa familia zilizotengana, zilikuwa zimeingiliwa. Sisemi hivyo ili usiende kwao. Nasema hivyo ili usimpe mtu yeyote, hata wao, habari ambayo utafutaji hauihitaji.

Kama wewe ndiye uliyemwokota mtoto

Usimhamishe mbali na alipopatikana kabla ya kuandika pale ni wapi, lini, na nani walikuwa karibu. Nguo alizovaa zihifadhi, usizitupe kwa sababu ni chafu; mama hutambua kiraka alichoshona mwenyewe. Ndugu wasitenganishwe. Andika maneno yake kama anavyoyatamka, hata kama ni "mama Juju" tu. Mwandikishe kwa shirika la watoto mara moja, na asiwepo wa kuzungumzia kuasili mapema. Miongozo ya mashirika ya misaada inataka utafutaji wa wazazi upewe muda wa kutosha, kwa kawaida miaka 2 au zaidi. Mtoto wa vitani mara nyingi ana watu wanaomtafuta upande mwingine wa mpaka.

Ikikwama

*Sina picha hata moja.* Waulize shule, kanisa, msikiti, mwajiri, au marafiki waliopiga picha harusini akiwa nyuma. Ikishindikana, alama za mwili na majina ya wazazi vinatosha kufungua jalada.

*Nimepigiwa simu, mtu anasema anaye na anataka pesa.* Usitume. Mwulize jambo ambalo ndugu yako tu analijua na ambalo halipo mtandaoni: jina la mbwa wa utotoni, chakula alichokuwa anakikataa. Tapeli atakasirika au atakata simu. Likijibiwa sawasawa, basi huenda kweli ni mateka. Andika namba, saa na maneno yaliyosemwa, na uombe ushauri kwenye ofisi iliyo na jalada lako kabla ya kupiga hatua nyingine.

*Sina kibali cha kuishi nchi hii, naogopa kwenda.* Chama cha Msalaba Mwekundu si idara ya uhamiaji. Kama bado una wasiwasi, piga simu kwanza bila kutaja jina, uliza habari zako zitakwenda wapi.

*Wameniambia hawawezi kufika eneo lile.* Uliza kama ombi limewekwa kungoja njia ifunguke, au limefungwa. Hayo ni mambo mawili. Likifungwa, omba sababu kwa maandishi.

*Vita vilikwisha zamani.* Bado uliza. Kumbukumbu za Arolsen huko Ujerumani, hifadhi ya nyaraka za watu walioteswa na Wanazi, mpaka leo zinajibu maswali ya familia kuhusu watu hao.

*Tunahitaji kugawa mirathi, au mke anataka kujua hali yake, na hakuna mwili.* Usisaini karatasi ya kifo kwa kushinikizwa na shemeji au karani. Uliza kwanza kama nchi husika ina hati ya kutoweka, inayomruhusu mke au watoto kusimamia mali na kupata stahiki bila kutamka kwamba mtu amekufa. Argentina ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1994 kwa familia za waliotoweshwa wakati wa udikteta wa kijeshi. Pasipo na hati hiyo, mahakama huwa na utaratibu wa kumdhania mtu kuwa amekufa baada ya miaka fulani. Mwulize wakili wa msaada wa kisheria ni mingapi na inahesabiwa kuanzia lini, kisha iambie ofisi ya utafutaji kwamba hatua hiyo ya mahakamani haifungi jalada.